Kaa wa Point Comfort: watu wa Jamestown walikufaje njaa kando ya mto?

Tuanze na mwisho, maana mwisho ndo unaouma.

Mwezi wa tano mwaka 1610, George Percy, jamaa aliyekuwa anaongoza ngome ya Waingereza pale Jamestown, Virginia, huko Amerika, alipata nafuu ya ugonjwa uliomlaza muda mrefu, akapanda mashua akateremka na mto kama kilomita 60 hivi mpaka Point Comfort, pale mto unapokaribia kumwaga maji baharini, ambako Waingereza walikuwa na kingome kidogo cha ulinzi. Huko alikotoka watu walikuwa wameshamaliza farasi, mbwa, paka, panya, nyoka, wakatafuna ngozi za viatu, na mwisho wakala maiti. Anafika Point Comfort anakuta wenzake wako fiti kabisa, mashavu yamejaa. Walikuwa wanakula kaa. Kaa hawa hawa wa baharini, wengi mpaka wanabaki, na wanaobaki wanatupiwa nguruwe.

Percy hilo jambo lilimkera na akaliandika mwenyewe baadaye: kwamba kaa walioliwa na nguruwe wangewafaa sana watu wa juu mtoni, na kwamba hawa jamaa walikausha makusudi, plani yao ikiwa kuwaweka hai wale watu wa maana alafu wapande mashua zao mbili warudi zao Uingereza. Hao wengine shauri yao. Percy akawaambia nawaleta hapa nusu ya watu wangu, wakipata nguvu nawaleta na nusu nyingine, na ikishindikana nawaleta wote kwa mpigo.

Kipindi chenyewe, yaani baridi ya 1609 kuingia 1610, kinajulikana kama Wakati wa Njaa. Ngome iliingia baridi ile na watu karibu 300, ikatoka na kama 60. Na wengi wakikisimulia wanamaliza kirahisi tu, eti walikuwa wavivu, watoto wa mabwana wasiojua jembe linashikwa upande gani. Uvivu ulikuwepo, sikatai. Lakini mvivu ukimweka karibu na kaa na chaza hafi njaa, atakula kaa na chaza, tena ndo chakula cha mvivu chenyewe, mtu wa pwani anaelewa nachosema. Mimi naona shida ilianzia London, mezani kwa wenye hela, kabla meli haijang'oa nanga: kampuni ilipanga watu wake wale chakula cha jirani, na siku jirani alipofunga mlango hapakuwa na plani ya pili.

Kampuni yenyewe ni ya Virginia, ilipewa hati na Mfalme James wa Kwanza mwezi wa nne 1606. Na ilikuwa kampuni kweli kweli, ina wenye hisa wanaosubiri faida. Desemba mwaka ule meli tatu zikaondoka, Susan Constant, Godspeed na Discovery, chini ya nahodha Christopher Newport, na katikati ya Mei 1607 wakashusha mizigo Jamestown, wanaume na wavulana 104, mwanamke hata mmoja hakuna. Maelekezo ya maandishi waliyopewa yapo mpaka leo na ukiyasoma unacheka huku unasikitika. Waliambiwa wasijenge bondeni penye unyevu kwa sababu pana maradhi, wao wakajenga kwenye kinamasi, kisa hapo kina cha maji kinaruhusu kufunga meli kwenye mti kabisa na Wahispania hawawezi kuwashtukiza kirahisi. Waliambiwa wasiwaudhi wenyeji. Alafu kuna hii: wahakikishe wanajipatia mahindi kwa wenyeji mapema, kabla wenyeji hawajagundua kwamba hawa wageni wamekuja kukaa.

Hiyo ya mwisho isome mara mbili. Maana yake waliowatuma walishajua kwamba mwenye shamba akishtuka atakataa kuuza, na bado hawakutuma wakulima. Orodha ya watu wa mwanzo, karibu nusu ni mabwana, kuna maseremala wanne, vibarua kama dazeni, kinyozi, mshona nguo, na mpiga ngoma. Mpiga ngoma! Januari 1608 ikaja meli ya nyongeza, humo wakaleta wafua dhahabu, sonara na mtengeneza manukato, maana hesabu za London ni kwamba dhahabu ipo tu inasubiri kuokotwa kama ilivyokuwa kwa Wahispania kule kusini. Kuna kipindi hapo 1608 kazi zote zilisimama watu wanachimba na kuosha mchanga unaong'aa, wakajaza meli, ukafika London ukapimwa, ni udongo.

Kiangazi cha kwanza tu ilikuwa ishara tosha. Posho ya mtu kwa siku ilikuwa kikombe kidogo cha ngano na shayiri iliyochemshwa, nafaka ambayo ilikaa wiki 26 ndani ya tumbo la meli, na John Smith, mmoja wa wale waliokuwepo, anasema mabuu yalikuwa mengi sawa na punje zenyewe. Maji wanachota mtoni. Sasa mto James pale Jamestown unafuata bahari, maji yakijaa yanakuwa ya chumvichumvi, yakitoka yanaacha tope na uchafu, na uchafu wenyewe ni wao walioutupa jana yake, unarudi nao unawasalimia. Watu wakaanza kuhara damu, wakashikwa homa, wanavimba, usiku unasikia mtu analalamika asubuhi anaburuzwa nje kama mbwa kwenda kuzikwa. Kisima walikuja kuchimba 1609, karibu miaka miwili baadaye. Ilipofika Januari 1608 kati ya wale 104 walikuwa wamebaki 38.

Na juu ya hayo kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekijua pale, wala mwenyeji wala mgeni. Mwaka 1998 wataalamu walitoa majibu ya kuchunguza pete za ndani ya mashina ya miti ya saiprasi mikongwe ya eneo lile, zile pete ambazo mwaka wa mvua zinakuwa nene na mwaka wa ukame zinabanana, wakaona kwamba kuanzia 1606 mpaka 1612 ulipiga ukame mbaya kuliko kipindi kingine chochote cha miaka saba ndani ya miaka 770. Yaani Waingereza walitia mguu katikati ya ukame wa karne na karne. Mvua ikikosa, mto nao unapungua nguvu, chumvi inapanda juu zaidi, na mahindi ya wenyeji yanakuwa kidogo. Kwa hiyo mtu anapokuja kukuomba mahindi mwaka kama huo anakuomba kitu kilichopo mdomoni kwa mtoto wako.

Huyo jirani sasa. Alikuwa anaitwa Wahunsenacawh, Waingereza wakimwita Powhatan, mtawala mkuu wa nchi iliyoitwa Tsenacommacah, makabila kama 30 na watu kama 14,000 au 15,000. Jamestown ilijengwa kwenye ardhi ya mojawapo, Wapaspahegh. Wanawake ndo wakulima wakuu, wanapanda mahindi, maharage na maboga kwa pamoja, wanaume wanawinda na kuvua. (Mahindi haya haya tunayosongea ugali, asili yake ni Amerika, huku kwetu yaliletwa na Wareno.) Ila hata wao mahindi hayakuwatosha mwaka mzima, mwisho wa baridi na mwanzo wa majira ya kuchipua walitawanyika kufuata samaki, chaza, mizizi na mawindo, wakisubiri msimu. Ndo ulikuwa mfumo wao, kula kinachopatikana pale kinapopatikana. Waingereza waliona watu wanahamahama wakadhani ni ushenzi, kumbe ile ilikuwa ndo ghala yenyewe.

Mwanzoni biashara ilienda. Powhatan alitaka shaba, shanga za bluu, shoka, upanga. Shaba kwao ilikuwa mali ya wakubwa. Tatizo mabaharia wa meli za nyongeza nao wakaanza kuuza ya kwao pembeni, kila mtu ana kipande cha shaba mfukoni, bei ikaporomoka mpaka kitu kilichokuwa kinanunuliwa kwa wakia moja ya shaba kikawa hakipatikani hata kwa ratili nzima. Mtu yeyote aliyewahi kuona machinga kumi wakishusha bidhaa moja kwenye kona moja anajua ile inaishaje. London nao badala ya kutuma mbegu wakatuma taji. Vuli ya 1608 Newport alikuja na beseni, kitanda, joho jekundu na taji la shaba, wamtawaze Powhatan awe chini ya Mfalme James. Mzee akagoma kupiga magoti. Wakambembeleza, wakachoka, mwisho wakamkandamiza mabega akainama kidogo tu, fasta wakamvisha. Naye kwa kushukuru akampa Newport viatu vyake vilivyochakaa na joho lake kuukuu. Sijui kama Newport aliielewa ile lugha.

John Smith, aliyekuwa kiongozi kuanzia Septemba 1608, yeye alielewa kwamba chakula ndo siasa yote, ila njia yake ilikuwa kuingia kijijini na bunduki, uzeni au tunachukua. Watu wake aliwaambia asiyefanya kazi hali, na hapo uvivu ulipungua kweli. Lakini mahindi aliyoyapata hivyo hivyo yaliwekwa kwenye mapipa, wakaja kufungua 1609 nusu yameoza na nusu yameliwa na panya, panya wenyewe walikuja na meli kutoka Uingereza. Ikabidi atawanye watu, wengine akawapeleka chini mtoni kwenye chaza, wakaishi. Yaani jibu walishalipata, miezi kadhaa kabla ya janga. Smith huyo huyo ndo anaripoti kwamba Januari 1609 Powhatan alimuuliza, kwa nini mchukue kwa nguvu kitu mnachoweza kupata kwa upendo, sisi tunaweza kuficha chakula tukakimbilia porini, nyie mtakufa njaa kwa kuwadhulumu marafiki. Mimi nikisoma pale naona sio kisasi, ni mtu anakusomea bajeti.

Kiangazi cha 1609 ndo mambo yakaharibika jumla. Kampuni ikapata hati mpya, ikaandaa msafara wa meli tisa na watu kama 500, wanawake na watoto wakiwemo. Meli kubwa, Sea Venture, ikapakia wakubwa wote: Sir Thomas Gates wa kutawala, Sir George Somers, Newport, na nyaraka. Mwisho wa Julai kimbunga kikawatawanya, Sea Venture ikaenda kukwama kwenye miamba ya Bermuda. Meli zilizosalimika zikaanza kufika Jamestown Agosti, zimeshusha watu mia tatu na ushee, wagonjwa, chakula kimeloa maji ya bahari, msimu wa kupanda umepita. Na serikali hamna. Hati mpya imefuta uongozi wa zamani, uongozi mpya uko kisiwani pamoja na karatasi zake. Wakaanza kugombana nani bosi. Smith akajaribu tena kutawanya watu, kundi moja Nansemond, kwa wenyeji wa chini mtoni, lingine juu kwenye maporomoko, lakini safari hii wakaenda kuiba mahindi na kuchoma nyumba za watu, wakapigwa, wakarudi pungufu. Kisha baruti ikamlipukia Smith akiwa amelala kwenye mashua, akaungua vibaya, na mwezi wa kumi akapandishwa meli kurudi kwao. Percy, mgonjwa, akabaki na kiti.

Powhatan hapo akafunga bomba.

Kule Nansemond kulikuwa na luteni mmoja na wenzake waliokwenda kutafuta chakula vijijini. Walikutwa wameuawa, midomo yao imejazwa mkate mpaka pomoni. Hakuna haja ya mkalimani. Kapteni John Ratcliffe alikaribishwa kuja kubadilishana shaba na mahindi, akaenda na watu karibu 50, wakajiachia, wakatawanyika nyumba kwa nyumba, wakauawa wengi, na yeye akafungwa kwenye mti, wanawake wakamkwangua nyama kwa makombe ya kome na kuitupa motoni mbele yake. Nilipoisoma mara ya kwanza nikaona ukatili tu. Baadaye ndo nikajiuliza kwa nini wanawake, na kwa nini makombe, nikakumbuka mahindi yale yaliyokuwa yanaporwa yalikuwa ya nani.

Kapteni Francis West akatumwa kaskazini kwa Wapatawomeck na meli ndogo iitwayo Swallow na watu kama 36. Akapata mahindi, meli ikajaa. Wakapitia Point Comfort, wakaambiwa jamani fanyeni haraka wenzenu wanakufa, wakapandisha matanga, wakaelekea Uingereza. Na mahindi yote. Hapo wa kulaumiwa sio Powhatan wala ukame.

Jamestown kwenyewe Daniel Tucker akapewa stoo, akapiga hesabu, nusu kopo la unga kwa mtu kwa siku itafika miezi mitatu, akabana ikafika minne. Nguruwe walikuwa kisiwani jirani, wapiganaji wa Powhatan wakawamaliza. Ukitoka nje ya boma kutafuta mizizi unachomwa mshale, ukibaki ndani unakufa taratibu. Mtu mmoja, Hugh Pryse, akasimama sokoni akapiga kelele kwamba Mungu hayupo, angekuwepo asingeacha viumbe wake wafe hivi, siku hiyo hiyo akatoka kwenda msituni na mchinja nyama mmoja wakauawa. Kuna mwanaume alimuua mkewe mjamzito, akamkata vipande akamtia chumvi, Percy akamning'iniza kwa vidole gumba na uzito miguuni mpaka akakiri, kisha akahukumiwa kifo.

Kwa miaka mingi wapo waliosema hizo za kula watu ni chumvi za Percy na maadui wa kampuni. Alafu mwaka 2012 wanaakiolojia wa Jamestown, timu ya William Kelso, wakifukua chumba cha chini cha jiko la zamani ndani ya ngome, katikati ya mifupa ya farasi na mbwa waliochinjwa wakakuta vipande vya fuvu na mfupa wa mguu wa binti. Douglas Owsley wa Smithsonian akaviangalia. Umri kama miaka 14, ametokea Uingereza. Kwenye paji la uso kuna mikato minne midogo, haijazama, imepangana, kama mtu aliyenyanyua shoka mkono ukamtetemeka. Nyuma ya kichwa mapigo yana nguvu. Alikuwa ameshakufa tayari. Matokeo yalitangazwa 2013, na kwa vile jina lake halijulikani wakampa jina Jane.

Kilomita 60 chini, wakati huo huo, nguruwe wanakula kaa.

Kwa nini watu wa juu hawakushuka? Mashua nyingi zilishaondoka, moja na West, njia ya nchi kavu imejaa mishale, na kiongozi yuko kitandani. Ila kikubwa zaidi nadhani ni kile kichwa walichokuja nacho kutoka London: chakula ni kitu cha stoo, kinaletwa na meli au kinatoka kwa wenyeji, na kazi ya mtu ni kusubiri ndani ya boma. Walinzi wa Point Comfort walipona kwa sababu wao walikaa bahari ilipo basi, wakala kama wenyeji wanavyokula. Jina la mahali hapo likumbuke, maana Agosti 1619 ndo pale pale waliposhushwa Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola, meli ya maharamia ikawabadilisha kwa chakula. Ndiyo, kwa chakula.

Turudi kwa Percy. Akiwa bado Point Comfort, mashua mbili zikaonekana zinaingia ghubani, wakakesha wakilinda bila kujua ni rafiki au adui. Walikuwa Gates na Somers. Wale wa Sea Venture walipona wote kwenye kimbunga, karibu watu 150, wakakaa Bermuda miezi tisa wakila kasa, samaki, ndege na nguruwe mwitu, wakaunda majahazi mawili, Deliverance na Patience, kwa mierezi ya kisiwani na mbao za meli iliyovunjika. Yaani waliopotea walinenepa, waliofika walikufa. Gates akapanda mpaka Jamestown, akagonga kengele ya kanisa, waliotoka kumpokea walikuwa mifupa inayotembea. Akahesabu chakula alichonacho akaona hakifiki mwezi.

Tarehe 7 Juni 1610 ngoma ikapigwa, wote wakapanda mashua kuiacha Virginia. Gates akabaki wa mwisho kuzuia watu wasiuchome mji, maana walitaka kuuchoma. Kesho yake wakiwa njiani kuteremka wakakutana na boti ndefu ikipanda: Lord De La Warr ameingia mdomoni mwa mto na watu 150 na chakula cha mwaka. Wakageuzwa. Usiku huo huo wakalala tena kwenye vibanda walivyovikimbia. Wengi walihuzunika.

De La Warr akaanza na usafi wa mji, akafuata sheria za kijeshi, akamtuma Somers Bermuda akalete nguruwe. Agosti akampa Percy watu 70 hivi, wakaenda usiku kwa Wapaspahegh, wale wenye ardhi. Wakaua watu 15 au 16, wakachoma nyumba, wakamkamata mke wa mtawala na watoto wake, watoto wakatupwa mtoni wakapigwa risasi majini, mama naye baadaye akapelekwa porini akauawa kwa upanga. Kabla ya kupanda mashua wakaingia shambani, mahindi yalikuwa yamesimama, wakayafyeka yote.